Vitabu Vinane vya Claudius

Riwaya ya kihistoria, yaani hadithi ya kubuni inayojengwa juu ya watu na matukio yaliyopata kuwapo, hustawi mahali ambapo kumbukumbu zinakatika, kwa kuwa hapo ndipo mwandishi hupata ruhusa ya kusema kile ambacho mwanahistoria, kwa masharti ya kazi yake, hulazimika kukinyamazia. Zimeandikwa riwaya nyingi kuhusu Roma ya enzi za makaizari, kuanzia Quo Vadis ya Henryk Sienkiewicz wa Poland, iliyotoka kama kitabu mwaka 1896, hadi ile ya Marguerite Yourcenar juu ya Kaizari Hadrianus, iliyochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1951, lakini ni chache ambazo pengo lake linapimika kama lile la I, Claudius ya Mwingereza Robert Graves, iliyotolewa mwaka 1934. Pengo hilo lina ukubwa wa vitabu vinane. Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyetunga wasifu wa makaizari mwanzoni mwa karne ya 2, anaeleza kwamba Kaizari Claudius aliandika habari za maisha yake mwenyewe katika vitabu vinane (kitabu, kwa Warumi, kilikuwa msokoto mmoja wa mafunjo, na urefu wake ulikaribia ule wa sura ndefu ya leo), kisha anaongeza, kwa ukali wake wa kawaida, kuwa kasoro ya kazi hiyo ilikuwa upuuzi wa mambo yaliyosemwa na wala si udhaifu wa lugha. Hakuna hata mstari mmoja wa vitabu hivyo uliotufikia, na riwaya ya Graves, ambayo jina lake maana yake ni “Mimi, Claudius”, inajitambulisha kwa msomaji kana kwamba ndiyo vitabu hivyo vilivyofukuliwa.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekwisha kukutana na mtu huyu bila kumtilia maanani, kwa maana ndiye Klaudio wa Matendo ya Mitume, mtawala ambaye siku zake kulikuwa na njaa na ambaye amri yake ya kuwafukuza Wayahudi kutoka Roma iliwafikisha Akila na Prisila huko Korintho, mahali Paulo alipowakuta. Kaizari anayejulikana zaidi katika fasihi ya Kiswahili ni yule wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, na ambayo baadaye ilitoka kwa jina la Juliasi Kaizari, lakini huyo aliuawa mwaka 44 KK, yaani kabla ya Kristo, wakati Roma bado ilikuwa jamhuri kwa jina, na Kaizari lilikuwa jina la ukoo wake tu. Lilipita kwa Augustus aliyeasiliwa naye, likaendelea kwa waliomfuata, na Claudius ndiye mtawala wa kwanza kulitwaa bila kulirithi kwa damu wala kwa kuasiliwa, hivyo kwamba inaweza kusemwa kuwa ni kwake yeye ambapo jina la watu wa nyumba moja liligeuka kuwa cheo.

Nyumba yenyewe inahitaji kuelezwa, kwa sababu riwaya ya Graves kwa sehemu kubwa ni habari za nyumba. Augustus alimwoa Livia, mwanamke aliyekuwa na watoto wawili wa kiume kwa mume wake wa kwanza, nao ni Tiberius, aliyekuja kutawala baada ya Augustus, na Drusus, baba yake Claudius. Mama yake Claudius alikuwa Antonia, binti wa dada yake Augustus, na kwa hiyo Livia alikuwa bibi yake mzaa baba, ilhali Augustus alikuwa mjomba wa mama yake. Claudius alizaliwa mwaka 10 KK huko Lugdunum, mji ambao leo unaitwa Lyon nchini Ufaransa, akakua akiwa na magoti dhaifu yaliyomfanya achechemee, kichwa kilichotikisika, kigugumizi, na udende uliomtoka alipokasirika. Suetonius anasimulia kwamba mama yake alimwona kuwa kiumbe ambacho maumbile yalianza kukiunda yakakiachia njiani, na kwamba alipotaka kumtukana mtu kwa ujinga alimlinganisha na mwanawe huyo. Amehifadhi pia vipande vya barua za Augustus kwa Livia, ambamo mkuu wa dola anajadili kama kijana huyo anafaa kuonekana hadharani siku za michezo au afichwe asije akaiaibisha familia, na katika barua mojawapo anakiri mshangao wake kwamba mtu asiyeweza kuzungumza vizuri aliweza kuhutubia vizuri. Barua hizo, zilizoandikwa na babu mwenye shughuli nyingi na asiye na chuki, zinatisha zaidi ya tukano lolote.

Aliyekataliwa katika siasa alijificha katika vitabu. Kwa kutiwa moyo na Titus Livius, mwanahistoria mkubwa wa zama hizo, Claudius aliandika historia ya Roma katika vitabu 41, historia ya Waetruski (watu waliotawala sehemu ya Italia kabla ya Warumi) katika vitabu 20, na historia ya Karthago katika vitabu vinane, hizi mbili za mwisho kwa Kigiriki. Akatunga kitabu juu ya mchezo wa dadu alioupenda mno, na baadaye, alipopata madaraka, akaongeza herufi tatu mpya katika alfabeti ya Kilatini, ambazo zilikufa pamoja naye. Kazi zote hizo za historia zimepotea, hivyo mwanahistoria pekee aliyepata kukalia kiti cha Roma katika karne hiyo anajulikana leo kupitia wanahistoria wengine, ambao wengi wao hawakumpenda.

Tarehe 24 Januari mwaka 41 BK, yaani baada ya Kristo, mpwa wake Gaius, maarufu kwa jina la utani la Caligula, aliuawa na maofisa wa kikosi cha Praetoria, walinzi wa kaizari mwenyewe. Claudius, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 50, alijibanza nyuma ya pazia, miguu yake ikaonekana, askari mmoja akamvuta nje, na badala ya kumuua akamsalimu kuwa mtawala. Kabla baraza la seneti halijamaliza kujadili iwapo jamhuri irudishwe, askari walikwisha kuahidiwa sestersi 15,000 kila mmoja, sestersi zikiwa fedha za hesabu za kawaida za Kirumi, na mjadala ukaisha. Suetonius anaeleza jambo jingine ambalo ndilo mbegu ya riwaya nzima: kwamba Claudius, baada ya kushika madaraka, alidai katika hotuba kadhaa kuwa ujinga wake wakati wa Caligula ulikuwa wa kujifanya, kwa sababu bila hivyo asingesalimika, na kwamba hakuna aliyemwamini, kwa kuwa muda mfupi baadaye kilizuka kitabu kwa Kigiriki kikidhihaki kutawazwa kwa wapumbavu. Wasomaji wa Suetonius kwa karne nyingi walicheka pamoja na mwandishi wa kitabu hicho. Graves alichukua upande wa pili, akauliza ingekuwaje kama kaizari alikuwa anasema kweli.

Graves alizaliwa mwaka 1895 karibu na London, akapigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mnamo Julai 1916, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21, alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Somme kiasi kwamba jamaa zake waliarifiwa kuwa amekufa. Mwaka 1929 alichapisha kumbukumbu zake za vita na ujana, kisha akahamia kijiji cha Deià katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, pamoja na mshairi wa Kimarekani Laura Riding. Yeye mwenyewe alijiona kuwa mshairi, na hakuficha kwamba riwaya za Claudius aliziandika ili alipe madeni yaliyotokana na ardhi huko Deià. Wahakiki wengine wameichukulia kauli hiyo kama sababu ya kuidharau kazi yenyewe, jambo lisilo la haki, kwa maana deni halimfundishi mtu Kilatini, na kitabu hiki kimejaa usomaji wa mtu aliyewazoea wanahistoria wa kale Suetonius, Tacitus na Cassius Dio kama mkulima anavyolizoea shamba lake. Mwaka 1957, miaka 23 baada ya riwaya hiyo, Graves alichapisha tafsiri yake ya Suetonius kwa Kiingereza.

Ustadi wake wa kwanza uko katika sauti. Msimulizi wa I, Claudius ni mzee anayeandika kwa siri, kwa Kigiriki, akiamini kuwa lugha hiyo ndiyo itakayodumu, na akiwalenga wasomaji watakaoishi karibu miaka 1,900 baada yake, kwa sababu ya utabiri aliopewa na Sibylla, kuhani wa kike wa pango la Cumae, kwamba siku hiyo ndipo atakaposema bila kigugumizi. Anapoteza njia, anarudi nyuma, anaomba radhi kwa kutangulia mambo, anahesabu ndoa na talaka za watu wa nyumbani kwake kama karani wa mirathi, na anapofika kwenye mauaji sauti yake haipandi. Graves aliepuka kwa makusudi maneno yanayonuka darasa la Kilatini: legioni, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, alikiita kwa jina la kikosi cha jeshi la Uingereza ya kisasa, na framea, mkuki wa Wajerumani wa kale, akauita kwa jina ambalo Wazungu walilitumia kwa mkuki wa watu wa kusini mwa Afrika, chaguo lililowakera baadhi ya wasomaji wake. Mtafsiri wa Kiswahili asingepata taabu hiyo hata kidogo, kwani neno mkuki linatosha kwa Mjerumani aliyepigana na Warumi mwaka 9 BK na kwa Mzulu aliyepigana na Waingereza mwaka 1879, nalo halihitaji kuombewa radhi katika dibaji.

Kuna tukio ndani ya riwaya linaloonyesha jinsi Graves alivyoifikiria kazi yake, nalo ni mabishano ndani ya maktaba kati ya wanahistoria wawili wa kweli, Titus Livius na Asinius Pollio, mbele ya kijana Claudius. Livius anatetea historia inayoinua roho za wasomaji kwa hotuba nzuri na matendo ya kishujaa, hata kama mashujaa hao hawakusema maneno waliyotiwa kinywani, na Pollio anatetea historia inayotafuta kilichotokea, hata kikiwa kidogo na kichafu. Kijana anaombwa achague, anachagua upande wa Pollio, na baadaye mzee huyo anamshauri azidishe kuchechemea kwake na kigugumizi chake, kwa sababu katika nyumba ile mpumbavu huachwa aishi. Mabishano hayo ni ya kubuni, na kuna kejeli nzuri ndani yake, kwamba hoja dhidi ya kubuni hotuba imewekwa katika hotuba iliyobuniwa. Graves bila shaka aliijua na akaiacha ijichekee yenyewe.

Mahali ambapo riwaya hii inastahili kusomwa kwa tahadhari kubwa ni katika habari za Livia. Msomaji akifunga kitabu hukumbuka kuliko yote mwanamke huyu mtulivu, mwenye akili kuliko wanaume wote waliomzunguka, anayewaondoa kwa sumu warithi wa Augustus mmoja baada ya mwingine ili mwanawe Tiberius apate nafasi. Vyanzo vya kale havisemi hivyo, ingawa vinanong’ona kitu kinachofanana. Marcellus, mpwa na mkwe wa Augustus, alikufa mwaka 23 KK, na Cassius Dio anataja kwamba watu walimshuku Livia, lakini papo hapo anaongeza kuwa mwaka ule na uliofuata ulikuwa wa magonjwa na watu wengi walikufa. Kuhusu wajukuu wawili wa Augustus, Lucius aliyekufa mwaka 2 BK na Gaius aliyekufa mwaka 4 BK, Tacitus anaweka bega kwa bega ajali na hila ya mama wa kambo, bila kuamua, kwa mtindo wake ule wa kuidondosha shutuma na kupita. Ndipo inakuja habari ya tini. Augustus alikufa mjini Nola tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, akikaribia kutimiza miaka 76, na Dio anasimulia kama uvumi kwamba Livia alizipaka sumu tini zikiwa bado mtini, kwa kuwa mumewe alipenda kuzichuma kwa mkono wake, kisha wakala pamoja, yeye akijichagulia zile zisizopakwa. Graves aliutoa uvumi huu katika kona ya ukurasa wa Dio akaukuza mpaka ukawa tukio lenye bustani, jua na mzee mgonjwa asiyeamini chakula cha mtu yeyote isipokuwa kile anachokichuma mwenyewe.

Katika fasihi hilo ni jambo zuri mno, na katika historia ni dhuluma, kwa maana mwanamke aliyeishi miaka 86 katika kitovu cha dola, akiwaona wanaume wakifa kwa homa, vita na uzee, amebaki katika fikra za mamilioni ya wasomaji na watazamaji kama mpika sumu, na hakuna mwanahistoria, hata awe na ushahidi kiasi gani, atakayeweza kulifuta jina hilo kwa urahisi. Hata hivyo, haki inadai itajwe pia namna Graves anavyomheshimu. Livia alipokufa mwaka 29 BK, Tiberius alikataa mama yake atangazwe kuwa mungu, na aliyelifanya jambo hilo hatimaye, mwaka 42 BK, ni Claudius, mjukuu aliyedharauliwa naye. Vyanzo vinalisema bila kufafanua alichohisi. Riwaya inatoa jibu kwa karamu moja, ambamo bibi mzee anamwalika mjukuu wake, anamkiria mauaji yote kwa sharti la kupewa ahadi, na ahadi anayoitaka ni kufanywa mungu ili asiadhibiwe kuzimu kwa yale aliyoyatenda kwa ajili ya dola. Tendo limeandikwa katika historia, sababu yake imebuniwa, na viwili hivyo vimeungana bila mshono kuonekana.

Miaka ya Caligula ilimpa Graves uhuru wa aina nyingine. Kazi kuu ya Tacitus juu ya makaizari wa mwanzo, inayojulikana kama Annales, imekosa vitabu vya 7 hadi 10, yaani habari zote za kuanzia mwaka 37 hadi 47 BK, na kwa hiyo shahidi mkali na mwangalifu kuliko wote hayupo pale ambapo mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Wanabaki hasa Suetonius na Dio, waliopenda visa, na ndiyo maana dunia inamkumbuka farasi Incitatus, ambaye hakupata kuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wa serikali ya Roma, kwa kuwa Suetonius anasema tu kwamba ilisemekana Caligula alikusudia kumpa cheo hicho. Wanahistoria hao walikuwa watu wa ikulu na mabaraza, na dola lao lote huonekana kupitia mlango wa chumba cha kulala. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atavutiwa zaidi na kisa cha enzi za Claudius mwenyewe kilichohifadhiwa na mwandishi wa Kirumi Plinius Mkubwa, kuhusu mtumwa aliyeachwa huru wa Annius Plocamus, mkandarasi wa kodi za Bahari ya Shamu, ambaye alikuwa akisafiri kandokando ya Arabia akachukuliwa na pepo za kaskazini, na siku ya 15 akajikuta katika bandari ya kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, ambako mfalme wa huko alivutiwa na sarafu za Kirumi kwa sababu zilikuwa na uzito sawa ijapokuwa nyuso zilizochorwa juu yake zilitofautiana, akatuma wajumbe kwa Claudius. Hapo dola ni bahari, mizani na upepo, na hakuna sumu popote.

Juzuu ya kwanza inaishia siku ya pazia. Claudius, akiwa amebebwa mabegani na askari, huku akijua fika kwamba anaweza kuuawa jioni hiyo, anajiliwaza kwamba angalau sasa watu watalazimika kusoma vitabu vyake. Huo ni utani wa Graves, lakini haukutoka hewani, kwani Suetonius anaripoti kwamba Claudius aliiongezea Musaeum, ile nyumba ya wanazuoni mjini Aleksandria, jengo lililoitwa kwa jina lake, akaamuru kwamba kila mwaka historia yake ya Waetruski isomwe mbele ya watu katika jengo moja na ile ya Karthago katika jengo la pili, mwanzo hadi mwisho, kwa siku zilizopangwa. Juzuu ya pili, Claudius the God, ilitoka mwaka huohuo wa 1934, nayo ilikabiliwa na tatizo ambalo kila msimulizi wa nafsi ya kwanza hulifikia, yaani kifo chake mwenyewe, kwa kuwa Claudius alikufa tarehe 13 Oktoba mwaka 54 BK, na wengi wa watu wa kale waliamini kuwa alilishwa uyoga wenye sumu kwa amri ya mke wake wa nne, Agrippina. Graves hakujaribu kulizunguka tatizo hilo kwa hila. Aliikatisha sauti ya msimulizi, akaweka habari tatu za kifo hicho kutoka kwa Suetonius, Tacitus na Dio, na baada yake dhihaka aliyoitunga mwanafalsafa Seneca juu ya kaizari marehemu anayefukuzwa mbinguni, hivyo kwamba mtu aliyezungumza kwa mamia ya kurasa anarudishwa mwishoni mikononi mwa wale wale waliomcheka.

Kitabu kilipata tuzo ya James Tait Black, filamu iliyoanza kupigwa mwaka 1937 chini ya Josef von Sternberg ikaachwa nusu, na mwaka 1976 shirika la BBC likatoa tamthilia ya televisheni ambayo Derek Jacobi aliigiza kama Claudius na Siân Phillips kama Livia. Kwa watazamaji wengi, nyuso za waigizaji hao zimezifunika zile za sanamu za marumaru.

Sauti ya Claudius, hata hivyo, haikupotea yote. Mwaka 1528 huko Lyon, mji aliozaliwa, yalipatikana katika shamba la mizabibu mabamba ya shaba iliyochanganywa na bati, yaliyochongwa hotuba aliyoitoa mbele ya seneti mwaka 48 BK kutetea wakuu wa Gallia wapewe haki ya kuwa maseneta. Tacitus ameiandika hotuba hiyohiyo katika Annales, na hapo ni fupi, imenyooka, kila hoja ikiwa imekaa mahali pake, hotuba ambayo Livius wa riwaya angeipenda. Ile ya shaba ni kitu kingine. Inaanza na wafalme wa kale, inakwenda kando kueleza kwamba mfalme Servius Tullius, kwa mujibu wa waandishi wa Kietruski, aliitwa Mastarna na alikuwa sahaba wa Caelius Vibenna, jambo ambalo halikuwa na haja yoyote siku ile, na ambalo baadaye liliungwa mkono na picha za ukutani katika kaburi la Kietruski lililofunguliwa huko Vulci mwaka 1857. Kisha anamtukana adui aliyekwisha kufa, akikataa hata kumtaja kwa jina. Hatimaye, mbele ya maseneta wote, kaizari anajikatiza, anajiita mwenyewe kwa majina yake, Tiberius Caesar Germanicus, na kujiambia kuwa umefika wakati wa kuwaeleza waheshimiwa hotuba yake inaelekea wapi.